Je, wajua kwa nini mawe ya Mwanza yamekaa juu ya mengine?

Wachumba au mume na mke wanaokuja Mwanza kupumzika siku mbili tatu huanza kubishana kabla hata ya kushuka kwenye basi. Mmoja anasema mawe haya yalirushwa na volkano. Mwenzake anashikilia kwamba kuna nguvu iliyoyapandisha moja juu ya jingine, maana jiwe kubwa kama nyumba haliwezi kukaa kileleni hivihivi.

Ukweli ni kwamba hakuna lililopandishwa. Jiwe la juu limekaa palepale lilipozaliwa. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa kimelizunguka.

Hoja ya volkano ina chembe ya ukweli ndani yake. Mawe ya Mwanza ni graniti, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia matale, na graniti ni mtoto wa moto kama ilivyo lava. Ilikuwa uji wa mwamba ulioyeyuka, ukapanda kutoka chini. Tofauti ni kwamba haukufika juu. Uliganda kilomita kadhaa chini ya ardhi, polepole mno, kwa maelfu kwa maelfu ya miaka, na ule upole ndio uliozipa chembe zake nafasi ya kukua. Sogeza uso karibu na jiwe lililovunjika upya utaziona bila kioo cha kukuzia: zile bapa, nyeupe au za waridi, ni feldispa, zinazofanana na kioo chenye ukungu ni kwatzi, vidoa vyeusi vinavyometameta ni maika. Lava ikimwagika juu ya ardhi hupoa upesi, chembe hazipati muda wa kukua, kwa hiyo jiwe lake huwa jeusi au la kijivu, laini kwa macho, na mara nyingi lina vitundu vilivyoachwa na hewa. Kwa kipimo hicho kimoja ubishi wa kwenye basi unakwisha.

Umri wake ndio unaostahili kumfanya mtu anyamaze kidogo. Graniti hii ni sehemu ya kipande cha kale cha ganda la dunia kinachoitwa Kratoni ya Tanzania, na ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziwa Victoria lenyewe ni kijana kabisa likilinganishwa nayo: lina miaka kama 400,000 tu, na lilikauka likajaa tena mwishoni mwa zama za barafu, miaka kama 15,000 iliyopita.

Sasa, mrundikano ulitokeaje? Kadiri tabaka zilizokuwa juu zilivyoliwa na mmomonyoko, graniti ilipunguziwa mzigo, ikatanuka na kupasuka. Nyufa zake hufuata mpangilio: nyingine zinashuka wima, zikikatwa na nyingine za wima, kisha kuna zile za kulala. Mwamba mmoja ukagawanyika kama mkate uliokatwa vipande bila kutolewa kwenye sahani. Hayo yote yalitokea bado chini ya udongo.

Kisha maji ya mvua yakaingia kwenye nyufa, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipofanyika. Wengi hudhani jua la mchana na baridi ya usiku ndivyo vinavyochonga mawe haya; vinasaidia, lakini fundi mkuu ni maji. Maji ya mvua yana asidi kidogo, hasa yakishapita kwenye udongo wenye majani yaliyooza. Asidi hiyo huigeuza feldispa kuwa udongo wa mfinyanzi. Kwatzi haiozi, inabaki mchanga. Graniti iliyoshambuliwa hivyo inakuwa changarawe unayoweza kuichimba kwa jembe.

Kona ya kipande inashambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, uso wa katikati upande mmoja tu. Kona ndiyo inayokwisha kwanza. Tazama kipande cha sabuni ya mche kilichosahaulika kwenye beseni: kiliingia na kona kali, kinatoka mviringo. Ndivyo vipande vya graniti vilivyogeuka mayai makubwa, vikiwa bado vimezikwa, kila kimoja juu ya mwenzake kama vilivyokuwa tangu mwanzo. Baadaye mvua na mito ikabeba changarawe na udongo kwenda bondeni, mayai yakabaki yamesimama hewani.

Ushahidi uko wazi popote mlima ulipokatwa kwa ajili ya barabara au kiwanja. Kwenye ukuta wa udongo utaona mawe ya mviringo ambayo hayajatolewa bado, yamefungwa ndani ya changarawe. Hapo pia ndipo hatari ilipo. Udongo ulio chini ya jiwe la mlimani ndio kabari yake. Anayechimba hapo kupata nafasi ya chumba kimoja zaidi anaiondoa kabari hiyo, na mvua kubwa ya masika inaweza kumalizia kazi. Mgeni asikae chini ya jiwe ambalo udongo wake umechimbwa hivi karibuni, hata kama kivuli chake kinavutia.

Jiwe la kuanzia ni lile la Bismarck, lililobeba jina la kansela wa Ujerumani tangu enzi za ukoloni, linalosimama majini karibu na gati la kivuko cha Kamanga. Nendeni jioni. Mwanza iko magharibi mwa ukanda wetu wa saa, hivyo jua huchelewa kuzama, kati ya saa 12:35 na saa 1:05 kutegemea mwezi. Mkifika saa 11:30 mnapata mwanga wa pembeni unaoonyesha nyufa vizuri. Kitako cha jiwe huonekana zaidi au kidogo kulingana na kina cha ziwa, ambacho kilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024.

Asubuhi yafaa iwe ya Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, dakika chache kwa boti kutoka mtaa wa Capri Point. Andaeni malipo kwa kadi au kwa namba ya malipo kwenye simu, kwa sababu hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hazipokei fedha taslimu. Vaeni raba zenye soli ya mpira yenye meno. Graniti kavu inashika mguu vizuri ajabu, lakini utando wa kijani ulio karibu na maji ukilowa huteleza kama bamia, na watu wengi huanguka wakati wa kushuka, si wa kupanda. Michirizi myeupe kwenye mawe ni mkojo wa pimbi uliokauka. Mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu anayeota jua hapo anaitwa kitaalamu Agama mwanzae, jina lililotokana na mji huu. Msiingie majini kwa miguu mitupu kwenye majani ya ufukweni: huko ndiko wanakoishi konokono wanaoeneza kichocho.

Wanaotaka kuona na kazi ya volkano katika safari hiyohiyo washike barabara ya Musoma hadi lango la Ndabaka, chini ya kilomita 150, waingie Serengeti. Vilima vya mawe vya Moru na Simba ni ndugu wa mawe ya Mwanza, vimechongwa kwa njia ileile. Lakini uwanda wa nyasi unaovizunguka upande wa kusini mashariki ni majivu yaliyopeperushwa na volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, Ol Doinyo Lengai ikiwemo. Majivu hayo yameganda chini ya nyasi yakawa tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipenyi, ndiyo maana uwanda ni mtupu, na mikuyu imejibanza kwenye graniti tu, ambako kuna nyufa za kushushia mizizi.