Masomo Hayaingii Usingizini

Mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, hapa Tanga humkosi mwanafunzi aliyelala na hedifoni masikioni, simu ikimsomea notsi za Baiolojia mpaka alfajiri. Imani hii ni kongwe kuliko simu yenyewe. Miaka ya 1950, nchini Marekani, Charles Simon na William Emmons waliwasomea watu maswali na majibu usiku huku wakipima mawimbi ya ubongo. Waliolala fofofo hawakushika kitu. Waliokumbuka walikuwa macho, au nusu macho.

Si kwamba ubongo umezimika. Mwaka 2012 watafiti wa Israeli waliwapigia watu waliolala mlio mmoja pamoja na harufu nzuri, na mwingine pamoja na uvundo (tuseme udi na samaki aliyeoza). Baadaye mlio wa harufu nzuri, ukipigwa peke yake, uliwafanya wavute pumzi zaidi, hata walipoamka, wala hawakujua sababu. Lakini hiyo ni pumzi tu, si sehemu za seli!

Usingizi huimarisha ulichosoma mchana. Anayekesha kwa kahawa ya barazani naye ajue: kafeini huizuia adenosini, kemikali ya mwilini, isiuletee ubongo usingizi, ila uchovu uko palepale.