"Kanasa mmoja tu": hesabu ya pomboo na jarife

Mwezi huu nimeshaisikia mara nne, na mara ya mwisho nilikuwa nimekaa diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, nakunywa chai yangu: "Mwalimu, sisi hatuvui pomboo bwana, ananasa mmoja tu kwa mwaka, na bahari yote hii." Basi leo naandika, mdomo umechoka.

Mmoja tu, sawa, naamini, nahodha hasemi uongo. Ila nahodha wa jirani naye kasema mmoja tu, na yule mwenye mashua ya buluu naye mmoja tu, diko likiwa na vyombo kumi vya jarife, ile nyavu kubwa inayotegwa usiku, hao tayari kumi, na kijiji cha pili nako kuna "mmoja tu" wao. Kila mtu anahesabu nyavu yake, kundi hakuna anayelihesabu. Na kundi lenyewe ni dogo kuliko mnavyodhani. Ghuba ya Menai, kusini Unguja, kati ya 1999 na 2002 watafiti waliwahesabu kwa picha za mapezi ya mgongoni maana kila pezi lina alama zake, wakakadiria pomboo wale wa kawaida wanaofuatwa na watalii Kizimkazi 136 mpaka 179, na wale wenye nundu 58 mpaka 65. Basi, ndo hao. Na sio kama jodari anayepita akaenda zake, hawa wenyeji, ukimtoa mmoja usitegemee mwingine aje kutoka Somalia kujaza nafasi.

Afu pomboo sio dagaa. Jike anabeba mimba kama mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja, anamnyonyesha, mpaka azae tena ni miaka mitatu hivi. Chukua kundi la 60, toa madume, toa wadogo, tuseme majike wazazi wamebaki 20, gawa kwa tatu, wanazaliwa sita au saba kwa mwaka na hapo papa hajachukua wake na maradhi hayajachukua yao. Ndo maana tunasema ukitoa zaidi ya mmoja au wawili katika kila 100 kwa mwaka kundi linaanza kushuka, na makadirio ya walionasa Menai 2003 na 2004 yalivuka kiwango hicho mara kadhaa. Nikisema hivi naambiwa "mbona bado tunawaona kila siku?" Unawaona ndio, pomboo anaishi miongo, kundi linaweza kushuka miaka 20 na wewe bado unapungia mkono walewale wazee.

Haya, mengine haraka haraka.

"Aliyenasa alikuwa mgonjwa, mzima ana akili, nyavu anaiona." Akili anayo, na sauti za kupimia njia anazo, lakini hazitoi muda wote, akipumzika anakaa kimya, na akifukuza samaki macho yake yote ni kwa samaki. Uzi wa nyavu mwembamba unarudisha mwangwi kidogo sana. Akishanasa hana muda, huyu anavuta hewa juu kama wewe, dakika chache kwisha, na nyavu imetegwa jioni mnavuta alfajiri.

"Anatumalizia samaki." Kuna utafiti wa Zanzibar uliofungua matumbo 26 ya pomboo walionasa kati ya 2000 na 2002, wakakuta aina kama 50 za samaki na ngisi kidogo, walioongoza kwa idadi ni mikunga wadogo ambao hata paka wa diko hawagombanii. Changu wamo, siwezi kuficha, ila sio yeye aliyekumalizia changu na unajua nani.

"Siku hizi hawawindwi, wako salama." Kweli zamani Kizimkazi walichomwa kwa ajili ya chambo cha papa, na utalii ulivyoingia miaka ya 90 ikaachwa. Mkuki uliachwa, jarife likabaki.

"Lawama ni za meli kubwa, sio sisi." Hii inanikera nayo. Utafiti wa 2020 kuhusu jarife za jodari Bahari ya Hindi ulikadiria wanyama kama 80,000 kwa mwaka, wengi wao pomboo, na kwenye orodha ya nchi tisa zinazobeba karibu mzigo wote Tanzania imo, pamoja na Iran, Oman na Pakistan. Kwetu sisi jarife linatupwa na vyombo gani? Vya kwetu hivihivi.

Sasa nyie mnauliza pinga, kile kifaa kinacholia majini. Kilijaribiwa Zanzibar na kilisaidia, tatizo bei na betri. Mimi ushauri wangu miaka yote ni uleule na wananicheka nao: refusha kamba za maboya, jarife lishuke mita mbili chini ya uso wa maji. Pakistan wamefanya, pomboo wamepungua sana kwenye nyavu na jodari wameendelea kupatikana, wamepungua kidogo tu. Kamba haina betri.

Na ukimkuta keshakufa usimtupe kimyakimya kwa kuogopa. Piga picha pezi, pima urefu, andika tarehe na sehemu, kichwa kikibaki niitie, kwenye meno yake nasoma umri kama pete za mti.