Risasi kwenye udongo wa malisho: maswali ya wafugaji

Ng'ombe wangu anakula majani, si udongo. Risasi (metali yenye sumu, si ya bunduki) inamfikiaje?

Udongo anaula, tena mwingi. Mizizi huvuta risasi kidogo tu. Inayodhuru ni vumbi lililoshika kwenye majani na udongo unaomezwa pamoja na nyasi. Ng'ombe wa kilo 250 anayekula kilo 8 za chakula kikavu kwa siku, nyasi zikiwa fupi, anaweza kumeza nusu kilo ya udongo. Kama kilo moja ya udongo huo ina miligramu 1,000 za risasi, kameza miligramu 500, yaani 2 kwa kila kilo ya mwili wake. Haanguki kwa hizo: ng'ombe mkubwa huanza kuugua akimeza kama miligramu 6 au 7 kwa kila kilo ya mwili wake kila siku. Ila risasi inajilimbikiza mifupani na kwenye figo, na nyingine inatoka na maziwa, huku mnyama anaonekana mzima. Kiangazi ndipo hali huwa mbaya, kwa sababu nyasi zimebaki vishina na ng'ombe anazing'oa na mizizi yake.

Nitilie shaka maeneo gani?

Palipoyeyushwa betri chakavu, gereji za zamani, madampo ya kuchomea taka, na kando ya migodi. Risasi haiozi. Mgodi wa risasi wa Kabwe, Zambia, ulifungwa 1994, lakini kuku waliopimwa huko miaka mingi baadaye walikutwa na risasi nyingi kwenye maini na figo. Kwa jirani zaidi kuna Owino Uhuru, Mombasa, ambako uyeyushaji wa betri ulichafua udongo wa makazi.

Dalili zake?

Ndama hutangulia. Anakuwa kipofu ingawa macho yanaonekana safi, anasaga meno, masikio yanachezacheza, anasukumiza kichwa ukutani, anayumba, kisha degedege. Tumbo linasimama, hacheui. Tahadhari: kichaa cha mbwa nacho hufanana hivyo. Usitie mkono mdomoni mwa mnyama huyo "kuangalia kama amekwamwa".

Kalamba betri iliyopasuka. Nifanye nini?

Mwondoe hapo, kusanya mabaki yote, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Vipande vya risasi ni vizito. Vinatua kwenye tumbo la pili, lile lenye vijumba kama sega la nyuki, na kuyeyuka polepole kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo anayeonekana kupona anaweza kuanguka tena. Kama bado anameza vizuri, daktari anaweza kuagiza chumvi ya Epsom, gramu 100 kwa ng'ombe wa kilo 250, ikiyeyushwa kwenye maji: inaigeuza risasi kuwa chumvi isiyoyeyuka kirahisi. Sindano ya kuitoa risasi mwilini ni EDTA yenye kalsiamu, pamoja na vitamini B1. Ile ya sodiamu pekee hunyonya kalsiamu ya damu na inaweza kumuua mnyama, hivyo usimdunge mwenyewe dawa za dukani.

Maziwa nikiyachemsha?

Hayasafiki. Risasi haiondoki kwa moto. Mwaga, na usiwape ndama wala mbwa. Ng'ombe aliyeugua hupimwa damu tena na tena kabla ya maziwa au nyama yake kuliwa. Kwa wengine inachukua miezi. Maini, figo na mifupa yake tusingeshauri kabisa.

Na kuku?

Wanadonoa na kuoga vumbi siku nzima, na risasi inaingia kwenye kiini cha yai. Wafungie bandani juu ya udongo safi uliotoka kwingine, na wape chokaa ya mifugo ya kutosha: mwili wenye upungufu wa kalsiamu hufyonza risasi zaidi.

Sampuli ya udongo naichukuaje?

Tembea zigizaga, chukua sehemu 15, sentimita 5 za juu tu, maana ndizo mnyama anazomeza. Tumia kijiko cha plastiki au cha chuma kisichopakwa rangi wala zinki. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, andika jina la shamba na tarehe. Udongo wa palipomwagika betri au oili chafu uweke kwenye mfuko wake peke yake. Ukiuchanganya na wa kwingine, kipimo kitaonekana kidogo kuliko hatari yenyewe. Mpaka majibu yatoke, lishia kwenye hori, si chini.