Daraja la chuma halihamishwi na kreni

Kila nikiweka picha ya daraja linaloning'inia kwenye kreni, pongezi hunijia kwa wingi. Wanaonipongeza hawajui kuwa siku ya kreni ndiyo siku nyepesi kuliko zote. Asubuhi mnafunga minyororo, mchana daraja limelala kwenye nyasi, jioni mnachoma nyama. Kazi yenyewe inakuwa imeshaanza miezi mingi nyuma, na bado inawasubiri mbele. Mafundi wenzangu wa kuchomelea walioko nyumbani wamekuwa wakiniuliza kazi hiyo ni ipi hasa, maana kwao daraja likizeeka huuzwa chuma chakavu.

Mimi nilianza na mageti na grili za madirisha, Tanga. Sasa niko Marekani, majimbo ya katikati, kwenye kikosi kidogo kinachofungua madaraja ya barabara ya karne ya 19, kuyatengeneza na kuyasimamisha upya, mara nyingi mahali pengine kabisa ambako yatapitwa na waenda kwa miguu na baiskeli.

Madaraja haya yalizaliwa yakiwa wasafiri. Kiwanda kilikuwa mjini, mto uko shambani siku mbili tatu kutoka hapo. Chuma kilikatwa na kutobolewa kiwandani, kikapakiwa kwenye treni, kikafika kwa mkokoteni, na watu wachache wenye spana na kamba wakakiunganisha. Umbo lake ni kenchi, ndugu wa kenchi za paa lako, ila viungo vyake vikubwa vimeshikwa na pini: kipande cha chuma cha mviringo, kinene kama mkono wa mtoto, kinachopita kwenye matundu ya vyuma vinavyokutana hapo. Kilichofungwa kwa pini hufunguka kwa pini.

Walioyajenga walijua hilo. Pale Savage, Maryland, kuna daraja la reli la mwaka 1869 lililobuniwa na Wendel Bollman, mtu aliyejifunza uhandisi mwenyewe kazini baada ya kuanza kama seremala. Mwaka 1887 kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio ililing'oa kwenye njia yake kuu na kulipeleka Savage, kwenye tawi la kuhudumia kiwanda cha nguo. Huko ndiko lilikosalimika, na leo ni la mwisho la aina yake. Arkansas nako, daraja la Springfield lililotengenezwa mwaka 1874 na kampuni ya King ya Cleveland lilihamishwa mwaka 2016 kutoka kijito cha Cadron hadi bustani ya ziwa Beaverfork, Conway. Hata kwetu Afrika Mashariki, madaraja marefu 27 ya reli ya Uganda yalitengenezwa Marekani na American Bridge Company, yakavuka bahari vipande vipande hadi Mombasa, yakaunganishwa huko bara kuelekea Ziwa Victoria.

Kabla ya kufungua chochote, ujue chuma ulichonacho. Hapa mafundi wengi wazuri huharibu. Katika daraja moja unaweza kukuta chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, chuma cha kufua, na feleji, chuma cha kisasa, iliyoongezwa na watu wa baadaye. Cha kusubu kinabeba mzigo wa kukandamiza bila shida, ila ukikivuta kinakatika ghafla kama biskuti. Cha kufua ndicho ninachokipenda. Ndani yake kuna nyuzi za takataka za tanuru zilizonyooshwa pamoja na chuma kilipokuwa kinapitishwa kwenye magurudumu ya kukinyoosha, kwa hiyo ukikikata nusu na kukikunja, hakivunjiki kwa mkato safi. Kinachanika kwa nyuzi, mithili ya muwa ulioumenya kwa meno. Njia ya haraka ni grenda: cheche za chuma cha kufua ni ndefu, za rangi ya majani makavu, hazipasuki sana, za feleji hupasuka kama nyota ndogo. Hata hivyo, kwa mambo makubwa tunapeleka kipande maabara. Macho ya fundi yana siku zake.

Halafu kuna namba. Kila kipande lazima kirudi palepale kilipotoka, kwa sababu matundu ya mwaka 1880 na kitu hayakutobolewa kwa kompyuta, na vyuma viwili vinavyofanana kama mapacha huweza kutofautiana kwa unene wa ukucha. Kwenye daraja langu la kwanza nilipewa mimi kazi ya kuweka namba. Nikaziandika vizuri kwa rangi nyeupe, kubwa, za kusomeka kutoka ng'ambo ya uwanja. Nikapiga na picha, nikajisifu. Wiki mbili baadaye vipande vikaenda kupulizwa mchanga ili rangi ya zamani yenye madini ya risasi itoke, vikarudi vinang'aa, vya kijivu, havina hata alama moja. Tulikaa siku nne tunalinganisha matundu na picha. Mzee anayeongoza kikosi hakunigombeza. Alinipa tu boksi la vibati, patasi za namba na nyundo. Tangu hapo kila kipande kinafungwa kibati kilichogongwa namba, kwa waya, sehemu mbili.

Adui mkubwa si kutu ya juu unayoiona. Ni ile iliyojibana katikati ya bamba mbili zilizofungwa pamoja. Kutu hujaza nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inavimba, na ikivimba inapinda bamba nene na hata kukata vichwa vya ribiti, ile misumari minene ya chuma inayoshika bamba pamoja. Hii huitoi kwa brashi. Unapasha bamba kwa gesi hadi liwe jekundu, unapiga nyundo, kutu inasagika na kumwagika kama unga wa kahawa, huku bamba likirudi mahali pake.

Ribiti nazo tunazipiga moto, kama walivyofanya wajenzi wa zamani. Inatoka kwenye tanuru ikiwa ya rangi ya chungwa, inachomekwa kwenye tundu, mmoja anaikandamiza kichwa kwa chuma kizito upande huu, mwingine anaiponda kwa nyundo ya upepo upande wa pili. Sekunde chache tu. Ikipoa inasinyaa na kuzibana bamba. Watu huniuliza kwa nini tusifunge bolti. Inawezekana, na pale sheria au bajeti inapodai tunafunga. Lakini bolti mpya katikati ya safu ya ribiti ni jino la dhahabu mdomoni.

Kwenye kuchomelea chuma cha kufua, nina neno kwa wenzangu. Usichomelee juu ya ngozi yake tu. Itabanduka na tabaka la juu. Saga hadi ufike kwenye chuma safi, tumia fimbo za kuchomelea kama 7018 zilizokaa kwenye joto zikauka, na ujaze taratibu. Chuma cha kusubu kiache kwanza, uombe ushauri.

Sasa lile linalonifanya niipende kazi hii. Chini ya kenchi, vyuma vinavyovutwa ni mabapa marefu yenye jicho kila ncha, yakipangwa mawili au manne sambamba kwenye pini moja. Wote wanatakiwa kuvuta sawa. Mmoja akiwa mrefu zaidi kwa milimita chache analegea, na wenzake wanabeba mzigo wake. Kwa macho huoni kitu. Ukigonga kwa nyundo ndogo unasikia: lililokaza linalia kama waya wa gambusi, lililolegea linasema "duf". Dawa yake ni kulipasha sehemu moja hadi jekundu na kulibana kwa jeki liwe fupi.

Ndiyo maana siwapendi wanaoficha mihimili mipya ya feleji chini ya sakafu, kenchi ya zamani ikabaki pambo pembeni. Najua sababu zao, bima na mizigo ya leo, na mara nyingine daraja limeoza kiasi hakuna njia nyingine. Ila hapo ukigonga mabapa, yote yanasema "duf".

Mwaka jana tulimaliza moja lenye mabapa manne kila upande. Tuliposhusha jeki na daraja likajibeba lenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na nne, mzee alinipa nyundo. Nikagonga la kwanza, la pili, la nne, yanafanana. La tatu lilikuwa chini kidogo.

"Tulifungue?" nikamuuliza.

Akaligonga mwenyewe mara mbili, akainamisha sikio. "Hilo lilikuwa hivyohivyo tulipolikuta," akasema, akaanza kukusanya minyororo.