Koili ya Tesla: kipimo kikikubaliana na hesabu, usishangilie bado

Chukua bomba la PVC la milimita 110, lile la maji taka. Lisuke kwa waya wa shaba wa mota wa milimita 0.4, mizunguko 1,000, kila mmoja ukibanana na mwenzake. Pamoja na unene wa vanishi, waya utajaza kama sentimita 44 za bomba. Hiyo ni koili ya pili (ile ndefu yenye volteji kubwa) ya transfoma ya Tesla, ya kawaida kabisa, na namba zake zinaumbua dhana kadhaa kwa mpigo mmoja.

Dhana: koili inalia pale urefu wa waya unapokuwa robo ya wimbi

Kulia ni rezonansi: masafa (mitetemo kwa sekunde) ambayo koili inayaitikia kwa nguvu zaidi. Dhana hii ni ya kale. Tesla mwenyewe, katika hataza yake ya transfoma ya 1897, alieleza kuwa waya wa pili uwe na urefu wa takriban robo ya wimbi. Waya wetu una mita 346 hivi, kwa hiyo hesabu hiyo inatoa kilohezi 217.

Sasa tupige hesabu kwa njia nyingine. Fomula ya Wheeler ya 1928 inatoa indaktansi (uwezo wa koili kupinga mabadiliko ya mkondo) ya milihenri 24.3. Jedwali la Medhurst la 1947, kwa koili ambayo urefu wake ni mara 4 ya kipenyo na ncha yake moja imefungwa kwenye ethi, linatoa kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya karibu pikofaradi 7.9. Ukiziingiza kwenye fomula ya rezonansi unapata kilohezi 363. Tofauti hiyo huwezi kuisingizia rula.

Ukweli uko jirani na 363. Robo ya wimbi ipo, maana volteji ni ndogo kabisa chini na kubwa kabisa juu, ila wimbi haliufuati waya mzunguko kwa mzunguko kama siafu kwenye msafara. Uga wa sumaku unaunganisha mizunguko. Wa kwanza unausukuma wa kumi bila kusubiri zamu ipite kwa wa pili na wa tatu. Wapo waliochukua mita za waya, wakazigawa kwa muda, wakatangaza kwamba wameipita kasi ya mwanga. Wangepima kwa urefu wa bomba wangeona wimbi linapanda kwa kama kilomita 640 kwa sekunde. Mwanga ni 300,000.

Unabisha? Suka waya uleule kwenye bomba la milimita 160. Utapata mizunguko 687 na hesabu itashuka hadi karibu kilohezi 315. Robo ya wimbi bado itang'ang'ania 217, kwani kwake umbo la koili si kitu.

Dhana: "Lakini nimepima mwenyewe nikapata 218!"

Nakuamini. Tena hapa ndipo watu wengi wanapozama, kwa sababu kipimo kibovu kimekutana na nadharia mbovu, wakapeana mikono.

Umeshika probu ya osiloskopu (chombo kinachochora wimbi la umeme kwenye skrini), ukaibana juu kabisa ya koili. Probu ya mara 10, inayopunguza volteji mara 10, huwa na pikofaradi kumi na kitu, tuseme 14. Koili yenyewe ina 7.9 tu. Jumla 21.9, na masafa yanaporomoka hadi kilohezi 218. Koili yako hukuipima. Umepima koili pamoja na probu, na probu ndiyo iliyo nzito zaidi.

Iondoe. Lisha koili chini kwa jenereta ya mawimbi, ning'iniza ncha ya probu hewani mita moja hivi pembeni kama antena, kisha zungusha masafa taratibu mpaka wimbi kwenye skrini livimbe. Halafu sogeza probu nyuma sentimita 20. Kilele kikihama, bado inaingilia. Na wewe mwenyewe kaa mbali: mkono, ukuta na sakafu vyote vinaongeza kapasitansi na kushusha masafa.

Dhana: kapasitansi ya koili ni ile iliyo kati ya mzunguko na mzunguko

Mizunguko 1,000 ni kama kapasita ndogo 999 zilizofungwa kwa mfululizo. Zikijumlishwa hazibakizi kitu cha maana. Kinachotawala ni umbo la nje, yaani kipenyo na urefu, ndiyo maana jedwali la Medhurst halikuulizi umesuka mizunguko mingapi. Pia 7.9 yake ni namba ya usawazisho: imechaguliwa ili fomula itoe masafa sahihi. Usiitafute kwa mita ya kapasita.

Dhana: kilele cha pili (rezonansi inayofuata juu yake) kitakuwa mara 3 kamili ya cha kwanza

Hapana. Kwenye koili hutokea chini ya mara 3. Programu yako ikikupa 3 kamili, imeigeuza koili kuwa waya ulionyooka.

Dhana: ubora wa koili (Q, yaani jinsi kilele chake kinavyochongoka) unatokana na omu za multimita

Multimita itasoma omu 47 hivi, na kwa hesabu hiyo ubora ungepita 1,100. Lakini kwenye kilohezi 363 mkondo unazama milimita 0.11 tu ndani ya shaba, na mizunguko jirani inausukuma pembeni zaidi, hivyo ukinzani halisi ni mkubwa kuliko huo. Jenereta nayo ina omu 50 zake, ambazo peke yake zinazidi zile za multimita. Funga kipingamizi cha omu 1 kati ya mdomo wa jenereta na ethi, ulishe koili kutoka hapo, uone kilele kinavyochongoka.