"Dada, koti ninalo"

Wiki hii peke yake nimeambiwa hivyo mara nne nikiuliza mtu amejiandaaje na baridi, na kila aliyeniambia alikuwa ameketi mbele yangu na tiketi ya Januari, ya Toronto au Istanbul. Nawakatia watu tiketi za ndege hapa Dar miaka mingi sasa. Sijapata abiria aliyerudi akilalamika kwamba koti lake lilikuwa jepesi. Wanalalamikia miguu, masikio, na mgongo uliolowa jasho.

Koti halina moto, jamani. Joto ni la mwili wako mwenyewe. Nguo inalizuia tu lisitoroke, na kinachozuia hasa ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo. Kwa hiyo nguo tatu nyepesi zinalishinda koti moja la kutisha: ya ndani ibane mwili, ya kati iwe sufu, ya juu ikinge upepo na theluji. Halafu Toronto hushindi nje. Unaingia kwenye treni ya chini ya ardhi, unaingia dukani, na humo ndani kuna nyuzi 20 au zaidi. Mwenye koti na fulana tu hana cha kupunguza: ama atokote, ama abaki na fulana.

Na fulana yenyewe ni ya pamba! Pamba ni nguo ya Dar. Inakunywa jasho na haina haraka ya kukauka, kwa hiyo ukishatota ndani ya treni kisha ukapanda ngazi na kutokea barabarani kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, umebeba kitambaa kibichi mgongoni. Jinzi ndiyo usiniambie kabisa.

Kuna mteja wangu alinunua koti la maana, akalikunja vizuri, akalitia kwenye begi kubwa. Begi likachelewa siku mbili. Kaka wa watu akapanga foleni ya teksi kwenye theluji na shati la mikono mifupi, tena la kitenge. Koti linashikwa mkononi, na soksi za kubadilisha zikae kwenye begi la mgongoni.

Kabla hujakimbilia duka la bei mbaya, nenda soko la mitumba la Karume asubuhi, marobota yakifunguliwa. Soma lebo, tafuta sufu. Sweta nzito zinauzwa bei ya kutupa, maana nani atazivaa Ilala? Kiatu chukua kikubwa kwa namba moja, soksi nene iingie bila kubana. Kikibana, damu haifiki vidoleni, na hapo hata soksi ya dhahabu haikusaidii. Mzula ufunike masikio. Na mafuta ya mgando usiyasahau: hewa ya vyumba vyenye hita ni kavu mno, midomo inapasuka siku ya pili.

"Nitapiga konyagi kidogo nipate joto." Utajihisi una joto, kweli, kwa sababu mishipa ya ngozi imetanuka na damu imepeleka joto nje. Unalipoteza hilo.

"Baridi italeta mafua." Mafua huletwa na virusi. Osha mikono.

"Siku moja inatosha kuizunguka London." Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, Stockholm hata saa tisa halifiki. Ukiswali Adhuhuri ukajinyoosha kidogo, Magharibi hiyo.

"Baridi ni Desemba." Johannesburg ni Juni na Julai, na nyumba nyingi kule hazina hita. Kila mwaka namkumbusha mtu.

Halafu wenzangu wa Kariakoo, ambao kwao China yote ni Guangzhou. Guangzhou ya Januari ni kama Mbeya ya Julai, sweta linatosha. Yiwu, mji mwingine wa masoko ya jumla, ni habari nyingine: usiku hukaribia sifuri, na mji uko kusini mwa mstari wa Mto Huai na milima ya Qinling, unaoigawa China kaskazini na kusini. Tangu miaka ya 1950 serikali ya China imekuwa ikipeleka joto la pamoja majumbani kaskazini ya mstari huo, si kusini. Kwa hiyo Yiwu unaweza kutetemeka chumbani kuliko chumbani Beijing, huku nje kuna theluji. Kabla hujalipia hoteli, uliza kiyoyozi cha chumbani kinatoa hewa ya moto au ya baridi tu.