Hawaondoki kwa sababu ya damu

Nafundisha wahudumu wa dharura wa kujitolea, na swali ninaloulizwa zaidi na viongozi wa vikosi ni hili: wapya tutawapata wapi? Nami huuliza kwanza waliojiunga mwaka jana wako wapi. Mara nyingi hakuna anayejua. Hawakuaga. Walikosa zamu moja, kisha mbili, kisha simu zao zikawa hazipokelewi.

Watu hudhani wamekimbia damu. Nakumbuka kijana mmoja aliyerudi kutoka kwenye tukio lake la kwanza la kifo, kifo cha mtoto. Alikuwa ameshavua glavu, akasimama kwenye sinki akinawa mikono iliyokwisha kutakata, anapaka sabuni, anasuuza, anapaka tena. Sisi wengine tulikuwa tunafuta machela na kuhesabu bandeji, maana gari lazima liwe tayari. Hakuna aliyemsemesha, hata mimi. Alikuja zamu mbili zaidi, basi. Bado inaniuma, kwa sababu alikuwa na mikono mitulivu ambayo haifundishiki kirahisi.

Siku hizi, baada ya tukio zito, kiongozi wa zamu huketi na mhudumu mpya kabla hajaenda nyumbani, na kesho yake anampigia simu. Hatumlazimishi kusimulia. Shirika la Afya Duniani nalo halishauri kumkalisha mtu kikao kimoja cha kumchokonoa yaliyompata. Linashauri kumsikiliza, kumtuliza na kumuunganisha na watu wake. Chai na mtu wa kukaa naye hufanya kazi kubwa.

Kinachowaondoa wengine ni hofu ya kukosea. Cheti wanacho, lakini ustadi wa kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama huanza kufifia ndani ya miezi 3 hadi 6. Mpe mdoli wa mazoezi mtu aliyefuzu mwaka jana. Mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6: mwanzo anaanza vizuri. Ikifika dakika ya pili viwiko vinakunjika, anaegemea kifua na hakiachi kiinuke chote. Mwenyewe hajui, ukimwonyesha, uso unamshuka. Ndiyo maana sipendi kozi ndefu ya mara moja kwa mwaka. Dakika 10 na mdoli mwanzoni mwa kila zamu zinamjenga zaidi, na anayeiamini mikono yake hatafuti udhuru wa kutokuja.

Kuhusu gharama nitasema kifupi: nauli, sare, bima na chanjo ya homa ya ini B ni juu ya kikosi. Aliyekupa usiku wake usimdai na nauli.

Sasa hao wapya. Mwaka 1928, huko Roanoke, Virginia, Julian Stanley Wise alianzisha kikosi cha uokoaji cha kujitolea ambacho wengi hukihesabu kuwa cha kwanza cha aina yake Marekani. Hakwenda kutafuta wageni barabarani. Alianza na wafanyakazi wenzake wa reli, watu waliokwisha kuzoeana. Nami naona hivyo hivyo: anayejiunga na rafiki hupangiwa zamu naye, na mmoja akilegea mwenzake humfuata hadi mlangoni. Kwenye fomu yetu ya kujiunga, swali la kwanza baada ya jina ni: unakuja na nani?